Hifadhi ya utafiti ya Chuo Kikuu cha California, ikisomwa kutoka Vihiga

Katika silabasi ya biolojia ya kidato cha tatu kuna sehemu ya magonjwa ya binadamu, na ndani yake minyoo na kichocho hupewa nafasi yao. Nilikuwa nikiifundisha sehemu hiyo muhula uliopita, katika shule ya kutwa isiyo mbali na soko la Luanda, mwanafunzi mmoja alipoinua mkono. "Mwalimu," akasema, "mamangu alisomea shule ya msingi huko Funyula. Anasema walikuja watu wakawapa watoto dawa ya minyoo, wakawauliza maswali mengi, wakaandika, wakaenda. Waliandika nini?" Jibu lake nililijua kwa jumla, kama walijuavyo walimu wengi wa ukanda huu, lakini kujua kwa jumla ni kujua kwa kusikia, nami sikuwa nimewahi kuyasoma makala yenyewe. Nikamwahidi kwamba baada ya likizo ya katikati ya muhula ningemletea jibu lenye maandishi.

Mlango wa kwanza niliobisha ulikuwa wa jarida moja la ng'ambo, nalo lilinitaka nilipe zaidi ya shilingi elfu nne ili nisome makala mamoja. Mlango wa pili ulikuwa hifadhi ya chuo kimoja cha humu nchini, ambayo haikufunguka siku hiyo wala siku iliyofuata. Wa tatu ndio ninaoueleza hapa, kwa sababu ulikuwa wazi, na kwa sababu nilikaa ndani yake siku zote nne za likizo ingawa nilikuwa nimekusudia saa moja tu.

Hifadhi hiyo huitwa eScholarship. Ni mali ya Chuo Kikuu cha California nchini Marekani, ilianzishwa mwaka wa 2002, na huendeshwa na maktaba ya kidijitali ya chuo hicho. Chuo chenyewe ni cha tangu mwaka wa 1868 na kina mabewa kumi, kutoka Berkeley, lililo kongwe, hadi Merced, lililofungua milango mwaka wa 2005. Kati ya hayo, bewa la San Francisco hushughulikia sayansi za afya peke yake, Davis lina sifa ya kilimo na utabibu wa mifugo, Riverside lilichipuka kutokana na kituo cha utafiti wa michungwa na malimau, na San Diego lina taasisi kubwa ya elimu ya bahari. Mwaka wa 2013 baraza la wahadhiri wa mabewa yote lilipitisha sera kwamba mhadhiri anapochapisha makala ya kitaaluma katika jarida, nakala yake ya mwisho iwekwe mahali ambapo mtu yeyote duniani anaweza kuisoma bila malipo, na mwaka wa 2015 sera hiyo ikapanuliwa iwafikie waajiriwa wengine wanaoandika makala ya aina hiyo. Mwandishi anaruhusiwa kuomba kusamehewa sharti hilo kwa makala fulani, hivyo asiyekuta jambo asidhani kwamba halikuandikwa.

Chuo hicho hakikuishia kwenye sera. Mwaka wa 2019 kilikatisha mkataba wake na Elsevier, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za majarida ya kisayansi, kwa hoja kwamba hakiwezi kulipia kusoma na kulipia kuchapisha kwa wakati mmoja, na hawakupatana hadi Machi mwaka wa 2021. Mkulima wa miwa wa ukanda huu angeuelewa mgogoro huo upesi kuliko maprofesa wengi: yeye hulima, mwingine hupima na kupanga bei, na sukari akiitaka huinunua dukani kama mtu mwingine yeyote.

Kwa upande wa matumizi sina mengi ya kusema, nayo ni dalili njema. Hakuna kujiandikisha wala kutoa nambari ya simu. Unaandika neno, unapata orodha, unachuja kwa bewa, kwa mwaka au kwa aina ya kazi, kisha unasoma palepale au unapakua. Nilifanya kazi yote kwa simu, isipokuwa siku ya mwisho nilipokwenda saiba ya sokoni kuchapisha kurasa chache. Jambo moja la kumwonya mgeni ni kwamba mara nyingi anachokipata ni nakala ya mwandishi, yaani ile iliyokwisha kupitiwa na wataalamu wenzake na kukubaliwa, lakini ambayo jarida halijaipanga kwa sura yake. Maneno ni yale yale, ila nambari za kurasa hutofautiana, na majedwali wakati mwingine hurundikwa mwishoni. Mwanafunzi anayenukuu ukurasa aliangalie hilo. Vilevile, kwa kuwa sera haikuwabana waandishi wa kabla ya mwaka wa 2013, ni busara kwa kazi za zamani kupitia pia kurasa za watafiti wenyewe, ambao wengi wao huweka makala yao huko.

Sasa nirudi Funyula. Utafiti aliousimulia mama yule ulifanyiwa shule 75 za msingi za kusini mwa Busia, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, na uliongozwa na Edward Miguel, ambaye ni mhadhiri wa Berkeley, pamoja na Michael Kremer, aliyekuwa Harvard wakati huo na ambaye mwaka wa 2019 alikuwa miongoni mwa watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Shule ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25: kundi la kwanza lilianza kupata dawa mwaka wa 1998, la pili mwaka wa 1999, la tatu mwaka wa 2001. Makala yaliyotoka mwaka wa 2004 yalisema kwamba utoro katika shule zilizotibiwa ulipungua kwa robo. Miaka kumi na mmoja baadaye watafiti wa London waliomba data zile, wakapewa, wakazipiga hesabu upya, na wakakuta makosa, hasa katika sehemu iliyodai kwamba faida ya dawa ilizifikia hata shule za mbali ambazo hazikutibiwa. Mzozo ulikuwa mkali. Waandishi wa awali walikiri makosa ya hesabu lakini wakashikilia kwamba kiini cha matokeo yao kilikuwa kimesimama. Halafu mwaka wa 2021 ikatoka kazi iliyowafuata watoto wale wale wakiwa watu wazima, miaka ishirini baada ya kidonge cha kwanza, na kusema kwamba waliopata miaka miwili au mitatu zaidi ya dawa walikuwa na mapato ya juu kwa asilimia 13 kwa kila saa ya kazi, na matumizi ya juu kwa asilimia 14.

Nimeusimulia mlolongo huo kwa urefu kwa sababu ndipo nilipotambua ninachokithamini katika hifadhi ya aina hii. Redioni tulisikia kwamba dawa ya minyoo inasaidia, basi. Anayefungua makala hukuta pia ubishi, masahihisho, na mahali ambapo mtafiti mwenyewe anakiri kwamba hana hakika. Hayo hayafiki barazani kwa chifu.

Siku ya pili niliitumia kwa jambo linalonigusa nyumbani. Kati ya mwaka wa 2012 na 2014, akina mama waja wazito zaidi ya 8,200 katika kaunti za Bungoma, Kakamega na Vihiga waliandikishwa katika jaribio kubwa la maji, vyoo na lishe, ambalo wataalamu wa Berkeley walikuwa miongoni mwa waliolibuni na kuliongoza. Nalikumbuka vizuri. Kuna vijiji vilivyofungiwa mitungi ya klorini penye chemchemi, vingine vikapata vibao vya plastiki vya kuwekea sakafu ya choo na sepeto ya kuzolea kinyesi cha mtoto, vingine vikapata vifaa vya kunawia mikono vinavyokanyagwa kwa mguu, vingine vikapata pakiti za chakula cha nyongeza kwa watoto wadogo, na vingine vikapata vyote kwa pamoja. Waliotembelea nyumba walikuwa wahamasishaji wa papa hapa kijijini. Kijiji chetu hakikuwamo, au labda kilikuwamo katika kundi ambalo halikupewa chochote ili lilinganishwe na mengine, jambo ambalo majirani zangu walilitafsiri kwa namna yao na ambalo hakuna aliyekuja kulifafanua.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2018, nami niliyasoma mara mbili nikidhani nimekosea. Maji yenye klorini hayakupunguza kuhara kwa watoto. Vyoo havikupunguza. Kunawa mikono hakukupunguza. Vyote vitatu kwa pamoja havikupunguza. Kilicholeta tofauti katika kimo cha mtoto kilikuwa lishe, tena tofauti ndogo, na kuunganisha lishe na maji na usafi hakukuongeza kitu juu ya lishe peke yake. Jaribio la namna hiyo hiyo lililofanywa Bangladesh lilipunguza kuhara, na waandishi hawafichi kwamba huko nyumba zilitembelewa mara nyingi zaidi kwa mwezi kuliko kwetu, wala kwamba huku kwetu matumizi ya klorini yalishuka mwaka wa pili. Kazi nyingine ya baadaye kutoka kwa jaribio hilo hilo la Kenya ilionyesha kwamba pale maji, choo na kunawa vilipokwenda pamoja, maambukizi ya minyoo ya mchango yalipungua, kwa hiyo si kwamba kazi yote ilipotea bure.

Mtu anaweza kuuliza: mwalimu wa Vihiga afanye nini na habari kwamba jambo lilishindikana? Kwangu mimi zilikuwa habari za maana kuliko nyingine zote nilizozikuta katika siku zile nne. Miaka yote nimewafundisha watoto kwamba ukiweka klorini na kunawa mikono kuhara kutaisha, kana kwamba ni hesabu ya kujumlisha, na sasa ninaona kwamba klorini iliyo mtungini si klorini iliyo tumboni, na kwamba kati ya hizo mbili kuna mama mwenye ndoo kichwani, mtoto anayelia, na ladha ya maji ambayo watu wengi hawaipendi. Nikakumbuka utafiti mwingine wa Miguel, Kremer na wenzao huko huko magharibi, kuhusu kujengea chemchemi kwa saruji na bomba. Uchafu penye chemchemi ulipungua kwa takriban theluthi mbili, lakini maji yalipofika nyumbani sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilikuwa imekwisha kupotea njiani na mtungini, ingawa kuhara kwa watoto kulipungua kwa robo. Nimesoma hayo mawili pamoja darasani, nikawaambia wanafunzi waeleze tofauti, na somo la siku hiyo lilipita kengele.

Tafiti za Siaya nilizipitia kwa haraka zaidi, ingawa huenda ndizo zinazojulikana zaidi ulimwenguni. Shirika la GiveDirectly liligawa takriban dola 1,000 kwa kila nyumba maskini, kigezo kikiwa paa la nyasi, katika eneo la vijiji 653, na nyumba zaidi ya 10,500 zikapokea. Miongoni mwa waliochunguza kilichofuata walikuwamo watafiti wa Berkeley na wa San Diego, na walichokikuta ni kwamba kila dola iliyoingia ilizaa shughuli ya uchumi ya takriban dola mbili na nusu katika eneo, kwamba wasiopokea nao matumizi yao yalipanda, na kwamba bei za vitu zilipanda kwa kiasi kidogo mno, kama asilimia 0.1. Mwenye duka la Ugunja angeyasema hayo bila jedwali, ila asingeaminiwa.

Upande wa afya, bewa la San Francisco na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wamefanya kazi pamoja katika Nyanza kwa miaka mingi. Yupo anayekumbuka mahema ya afya yaliyopima virusi vya Ukimwi, shinikizo la damu na kisukari kwa pamoja: hilo lilikuwa jaribio la jamii 32 za Kenya na Uganda, wakishirikiana pia na Makerere, na matokeo yake ya mwaka wa 2019 ni mfano mwingine wa ukweli usiopendeza kuutangaza. Lengo kuu lilikuwa kupunguza maambukizi mapya, na tofauti ya maana kati ya makundi mawili haikuonekana, kwa kuwa hata kundi la kulinganishia lilipimwa mwanzoni na baadaye likanufaika na mwongozo mpya wa matibabu wa serikali. Hata hivyo, waliofikia kiwango cha kudhibiti virusi walikuwa asilimia 79 katika kundi lililohudumiwa, dhidi ya asilimia 68 katika lile jingine. Kuna pia mradi ulioitwa kwa jina letu, Shamba Maisha, uliowapa wakulima wanaoishi na virusi mkopo, pampu ya kumwagilia na mafunzo. Chakula kiliongezeka nyumbani, lakini udhibiti wa virusi haukuzidi ule wa wenzao wasioupata mradi. Waandishi waliyaandika yote mawili.

Nisimdanganye msomaji akadhani kwamba hifadhi hii ni ya magharibi mwa Kenya. Sisi ni tone. Bewa la Berkeley ndilo lililotoa berkeliamu na kaliforniamu zilizo katika jedwali la elementi ukutani mwa maabara yetu, na bewa la Los Angeles ndilo lililotuma ujumbe wa kwanza wa mtandao uliozaa intaneti, tarehe 29 Oktoba 1969. Kutoka Irvine ulitoka mwaka wa 1974 utafiti ulioonya kwamba gesi za friji na makopo ya kupulizia hula tabaka la ozoni. Kutoka San Diego, Charles Keeling alianza mwaka wa 1958 kupima hewa ya ukaa mteremkoni mwa mlima Mauna Loa, huko Hawaii, na mchoro wake huo upandao kila mwaka ndio ninaouchora ubaoni. David Julius wa San Francisco alitumia dutu inayowasha katika pilipili ili kugundua jinsi neva zinavyotambua joto, akapata Nobel ya mwaka wa 2021, mwaka mmoja baada ya Jennifer Doudna wa Berkeley kuipata ya kemia kwa ule mkasi wa kukatia jeni. Mengi ya hayo yalichapishwa zamani, kwa hiyo msomaji asitarajie kukuta kila makala asilia humo.

Kilichonifurahisha mimi, mwana wa mkulima, ni kunde. Bewa la Riverside limeichunguza kunde kwa miaka mingi, na mwaka wa 2019 wataalamu wake waliongoza kazi ya kuchapisha ramani kamili ya jeni zake, wakitumia mbegu iliyotoka taasisi ya kilimo cha tropiki ya Nigeria. Likhubi la nyanya yangu, ambalo Wajaluo huliita boo na ambalo hoteli za mjini ziliona aibu kuliweka kwenye orodha ya vyakula hadi juzi, limesomwa herufi kwa herufi huko Marekani. Vilevile utafiti wa Davis na washirika wake kuhusu jeni inayouwezesha mpunga kuvumilia kufunikwa na mafuriko ningependa usomwe na kila afisa wa kilimo anayepita Ahero msimu wa masika.

Kasoro ya kwanza ni lugha. Jina la Kiswahili nililokutana nalo mara nyingi humo ni Ufahamu, jarida la masomo ya Afrika lililoanzishwa na wanafunzi wa Los Angeles mwaka wa 1970 na ambalo matoleo yake yamo humo bure, lakini jina hilo lisimdanganye mtu, kwa kuwa ndani karibu yote ni Kiingereza. Ikisiri ya jaribio lililofanywa Vihiga, kwa watu wa Vihiga, ningetaka niione kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, na kwa Kilogooli ikiwezekana. Kasoro ya pili ni kwamba makala yameandikwa kwa ajili ya wataalamu. Mtu asiyejua kundi la kulinganishia ni nini, wala kwa nini kijiji kimoja hupata na cha pili hukosa kwa kura, ataishia ukurasa wa kwanza, na hilo haliondolewi na mlango kuwa wazi.

Kwa mizani ya KCSE, mtihani wetu wa kidato cha nne, ningeipa A-. Mwalimu wa sayansi, mwanafunzi wa chuo aliyekwama katika mapitio ya maandishi ya tasnifu yake, mwandishi wa habari wa kaunti, afisa wa afya ya jamii: hao wote watapata humo zaidi ya wanavyotarajia. Ushauri wangu ni mmoja: usianze na neno kubwa kama "malaria", utazama. Anza na jina la kwenu. Andika Busia, Siaya, Mfangano, Kakamega, kisha usome sehemu ya mwisho, ile ya mipaka ya utafiti, kabla ya ile ya matokeo.

Mwanafunzi wangu nilimpelekea kurasa sita zilizochapishwa, na kwa mkono wangu nikaandika muhtasari wa Kiswahili upande wa nyuma. Alirudi Jumatatu na ujumbe kutoka kwa mamake, ambaye alikuwa ameusoma wote. Alishukuru, akasema asilimia 13 hajaziona mfukoni mwake, kisha akauliza shule yao ilikuwa katika kundi la mwaka wa 1998 au la 2001. Nimerudi kuyapekua makala tangu mwanzo hadi mwisho, na majina ya shule sijayaona humo.